Eneo la Wazi Lilipiwe na Viwanja Vinavyolizunguka

Mimi ndiye ninayeweka daftari la michango ya eneo la wazi la mtaa wetu hapa Sinza, na ninataka daftari hilo lifungwe. Mahali pake nataka tozo ya kisheria: inayodaiwa kiwanja, wala si mtu aliyekutwa nyumbani, iliyopigiwa kura na wenye viwanja kabla haijaanza, na inayobaki hapa hapa mtaani mpaka shilingi ya mwisho. Kazi yangu yote ya ajira ilikuwa uthamini wa majengo, kuanzia enzi za kuandika vipimo kwa penseli mpaka za kompyuta. Ninachokisema leo nimekiona kwa pande zote mbili, upande wa mthamini anayeandika thamani ya nyumba na upande wa mama anayebisha hodi kuomba elfu tano ya kufyekea nyasi.

Eneo lenyewe si kubwa. Aliyesimama chini ya mkungu wa kona ya juu anaweza kuitana na aliye kwenye miarobaini ya upande wa pili bila kupaza sana sauti. Asubuhi wazee hukaa kwenye viti vya zege kusubiri jua likolee. Shule zikifungua milango mchana, watoto hukatiza humo badala ya kupita barabarani kwenye bodaboda. Jioni ni mpira. Ukitokea msiba, maturubai hufungwa hapo, maana nyua zetu zimejengwa zikaisha. Na kandokando unapita mtaro wa maji ya mvua, ambao wengi hawauhesabu kuwa sehemu ya bustani, kumbe bustani ndiyo inayoulinda. Ukoka uliopandwa kwenye kingo ndio unaoshika udongo. Ukoka ukifa, kingo huporomoka, mtaro huziba, na masika ya mwaka huo maji huingia kwenye nyumba za chini hadi usawa wa kitanda.

Kwa hiyo sikubali bustani ya mtaa iitwe pambo. Kuitunza ni kazi yenye gharama zinazojulikana: ujira wa kijana anayefyeka na kufagia, petroli ya mashine ya kukatia nyasi, boza la maji wakati wa kiangazi, samadi, fundi wa kupogoa miti kabla matawi hayajafika kwenye nyaya za umeme, watu wa kuzibua mtaro kila masika na vuli yanapokaribia, na gari la kuzoa taka zinazotupwa usiku na watu tusiowajua. Gharama hizi hazisubiri mtu apate moyo wa kuchanga. Nyasi huota kwa mvua, hazioti kwa mshahara wa mtu.

Sasa tazama nani analipa. Mchango wetu ni shilingi elfu tano kwa mwezi kwa kila nyumba. Anayelipa bila kukosa ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kutoka kona, ambaye pensheni yake naijua. Analipa mama wa saluni aliyepanga fremu moja, pamoja na muuza chipsi wa pembeni. Wanalipa wapangaji wa nyumba za vyumba vingi, wakichangishana elfu moja moja mpaka itimie. Hawa ndio ninaowakuta nikipita Jumamosi. Asiyelipa ni mwenye jengo la ghorofa linalotazama eneo la wazi moja kwa moja, lenye fremu chini na nyumba za kupangisha juu. Haishi hapa. Nimemtumia ujumbe kwa heshima zote, nimezungumza na msimamizi wake, na jibu ni lile lile, kwamba mchango ni hiari. Kweli, ni hiari. Lakini dalali wake akitangaza nyumba kwenye simu, picha ya kwanza anayoiweka ni ya eneo letu la wazi, nyasi zikiwa zimetoka kukatwa, na maneno yake ni kwamba nyumba inatazama bustani.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponikataza kunyamaza. Mthamini akienda kukagua nyumba hatazami kuta na bati tu. Huandika barabara ikoje, maji yanatuama au hayatuami, jirani kuna nini, mbele ya nyumba kuna nini. Nyumba mbili zenye ramani moja na vifaa vile vile, moja ikitazama eneo safi lenye kivuli na nyingine ikitazama dampo, hazina thamani moja wala kodi ya pango moja. Tofauti hiyo haikuletwa na fundi aliyejenga. Imeletwa na fyekeo la yule kijana, na elfu tano ya mwalimu, na jasho la wanawake wanaozoa majani Jumamosi. Inazama ardhini, kisha inapanda kwenye mkataba wa pango. Mama wa saluni alipandishiwa kodi ya fremu mwaka jana, na sababu aliyopewa ni kwamba mtaa sasa umependeza. Yaani alichanga ili mtaa upendeze, kisha akatozwa kwa kuwa umependeza. Mimi naliita jambo hili dhuluma, na siwezi kulipunguzia jina.

Dawa yake ni kuifuata faida mahali ilipotua. Imetua kwenye kiwanja, basi kiwanja kilipe.

Wazo hili si geni Dar es Salaam, na hasa si geni Sinza. Mtaa huu ulizaliwa katika miaka ya 1970 kwa mpango wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilipimwa, barabara na mitaro ikachorwa, maeneo ya wazi yakatengwa kabla mtu hajaweka tofali. Na makusudio ya mpango yalikuwa kwamba waliopewa viwanja wangerudisha gharama kidogo kidogo, wakilipia huduma zilizokipa kiwanja chao maana. Ukusanyaji ukawa dhaifu. Fedha za kurekebisha mitaro na kulinda maeneo ya wazi hazikupatikana, na kila mwenye macho anajua kilichofuata jijini: maeneo mengi yaliyochorwa kijani kwenye ramani za mipango miji leo yana gereji, baa au nyumba ya mtu yenye uzio. Eneo lisilo na mtunzaji huonekana halina mwenyewe, na jijini kitu kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe haraka sana.

Najua msomaji ataniuliza kuhusu kodi ya majengo. Tunailipa, na tunailipa bila kukosa, kwa sababu tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mijini, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa urahisi wa kukusanya, naisifu serikali. Nimefanya kazi katika miaka ya ankara za karatasi, na ninajua ni ngapi zilikuwa zinarudi zikiwa na maneno kwamba mhusika hayupo. Lakini kodi hiyo haiwezi kufanya kazi ninayoisema, kwa sababu mbili. Kwanza, sheria inamtambua mwenye jengo kuwa mlipaji, ila mkono unaonunua umeme mara nyingi ni wa mpangaji, naye ndiye anayekatwa kwanza, kisha amfuate mwenye nyumba akadai. Na ni wapangaji wangapi wanaothubutu kudai? Pili, kiwango ni kimoja, jengo liwe limetazama bustani au limetazama jalala, na hakuna uzi wowote unaoifunga shilingi iliyokatwa kwenye mita yangu na mtaro ulio mbele ya mlango wangu. Hiyo ni kodi ya taifa, nayo ina kazi zake. Mtaa unahitaji chombo chake.

Ajabu ni kwamba kwa wakaao ghorofani chombo hicho tayari kipo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inawapa wenye nyumba ndani ya jengo moja chama chao, na chama kina uwezo wa kuwatoza wanachama kwa ajili ya ngazi, lifti, paa, ua na bustani, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu anayoimiliki. Asiyelipa anadaiwa. Hakuna anayeiita hiari, kwa sababu kila mtu anaona kwamba paa likivuja linavujia wote. Basi na mtaa wa nyumba za chini ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ngazi yetu ni njia ya miguu, na paa letu ni mikungu na miarobaini. Sheria imewaona walioko juu ya sakafu, ikatusahau tulioko juu ya ardhi.

Binti yangu anaishi San Diego, jimbo la California, na huko nilikwenda kumsaidia alipojifungua. Siku moja ilikuja barua ya kodi ya nyumba, nami nikaiomba niisome, kwa mazoea ya kazi. Chini ya kodi kuu palikuwa na mistari ya tozo ndogo ndogo, na mmoja wake ulikuwa wa matunzo ya mandhari ya mtaa wao: miti ya kando ya barabara, nyasi za kati ya njia mbili, kumwagilia, kuzoa taka. Mwaka mzima kilikuwa kiasi ambacho familia ingeweza kukimaliza kwa mlo mmoja mgahawani. Kimeandikwa kwenye ankara ile ile ya nyumba, kinalipwa kwa awamu mbili pamoja na kodi nyingine, ya kwanza mwisho wake tarehe 10 Desemba na ya pili tarehe 10 Aprili. Hakuna anayebisha hodi. Mwenye nyumba akiishi mtaani au akiishi nchi nyingine, ankara inamfuata, kwa sababu imeandikiwa kiwanja.

Nikarudi na hamu ya kujua imefikaje hapo, na nikasoma kwa muda mrefu. California ilitunga sheria yake ya mandhari na taa za mitaa mwaka 1972. Kisha Juni 1978 wananchi wakapitisha kwa kura Pendekezo la 13, lililofunga kodi ya majengo kwenye asilimia moja ya thamani, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe kwa zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Halmashauri zikapungukiwa fedha, zikakimbilia tozo za viwanja kuziba pengo, na zikatoza hata pasipo na sababu ya kutosha. Wananchi wakachoka. Novemba 1996 wakapitisha Pendekezo la 218, na hilo ndilo ninalotaka wanasheria wetu walisome kwa makini.

Linasema hivi kwa ufupi. Kabla ya tozo, mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti inayotenga faida mbili: ile inayokipata kiwanja hiki kwa namna ya pekee, na ile inayowapata watu wote, hata mpita njia. Kiwanja kinaweza kutozwa kwa ile ya kwanza tu. Sehemu ya pili lazima ilipwe kwa fedha nyingine, kama vile mfuko mkuu wa halmashauri. Hakuna kiwanja kitakachotozwa zaidi ya sehemu yake halali ya gharama. Viwanja vya serikali havisamehewi; navyo vikipata faida, vinalipa. Kisha kila mwenye kiwanja anatumiwa kura kwa posta siku zisizopungua 45 kabla ya mkutano wa hadhara, ikionyesha kiasi atakachodaiwa. Kura zilizorudi zikihesabiwa na za kupinga zikazidi, tozo imekufa. Na mtu akienda mahakamani, si yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba ameonewa. Ni mamlaka inayopaswa kuthibitisha kwamba ilitoza kwa haki.

Kanuni hizo zina meno. Kaskazini mwa San Diego, katika wilaya ya Riverside, kuna mji mdogo unaoitwa Wildomar, uliopata hadhi ya mji mwaka 2008. Miaka miwili kabla ya hapo, wilaya ilikuwa imeweka tozo ya dola 28 kwa mwaka kwa kila nyumba ya familia moja, kwa ajili ya matunzo ya viwanja vya mapumziko vya pale. Mwenye mali mmoja akapinga mahakamani. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikampa ushindi. Haikusema kwamba bustani ni kitu kibaya, wala kwamba dola 28 ni nyingi. Ilisema ripoti ya mhandisi haikutenga na kupima faida ya wote mbali na faida ya pekee ya wenye viwanja. Tozo ikafutwa. Mji, uliokuwa ukihangaika kwa fedha, ukafunga viwanja vyake vya mapumziko.

Nimelifikiria sana jambo la Wildomar. Wapo watakaosema, tazama, mtu mmoja mwenye uchoyo wa dola 28 amewanyima watoto mahali pa kucheza. Sioni hivyo. Mahakama ilikuwa na haki. Waliowafungia watoto ni wataalamu walioandika ripoti nusu nusu, wakidhani nia njema ya bustani itafunika upungufu wa hesabu. Sisi wathamini na wahandisi tunapaswa kulisikia hilo kwenye mifupa, kwa maana karatasi tunayoitia saini kwa haraka siku ya Ijumaa inaweza kufunga geti la uwanja wa watoto miaka kadhaa.

Lakini habari haikuishia hapo. Novemba 2012 mji ukawarudia watu wake kwa njia nyingine. Ukawaomba wapige kura ya kodi maalumu ya viwanja vya mapumziko, ambayo kwa sheria ya huko inahitaji theluthi mbili ya kura, na wanaopiga ni wapiga kura wote waliojiandikisha, wapangaji wakiwemo. Kiasi kilichoombwa kilikuwa dola 28 kwa mwaka kwa kila kiwanja. Zile zile. Na zikapita. Viwanja vikafunguliwa mwaka uliofuata. Fedha haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni namna watu walivyoulizwa, na nani aliyeulizwa. Kwangu mimi hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba wakazi hawachukii kulipia bustani. Wanachukia kulipishwa bila hesabu na bila kauli yao.

Sitaki tuchukue kila kitu cha California. Huko kura ya tozo hupimwa kwa fedha: anayedaiwa kingi, kura yake ina uzito mkubwa. Kwa mtaa kama wetu, hiyo ingempa mwenye ghorofa na fremu nguvu ya kuwazima wenye nyumba ndogo kumi. Kwetu iwe kiwanja kimoja, kura moja. Na wapangaji, ambao ndio wengi hapa Sinza, wasiachwe nje ya mlango. Haki ya kuamua kiasi cha tozo ni ya wenye viwanja, kwa kuwa wao ndio watakaodaiwa, lakini mkutano wa kuamua kazi gani ifanywe kwanza, mtaro au taa, benchi au miti, uwe wa wakazi wote. Mama wa saluni anajua mahali giza linapokaa kuliko mwenye jengo asiyelala hapa.

Kiasi kipimwe vipi? Ningefuata ardhi, nisifuate jengo. Ukubwa wa kiwanja na umbali wake kutoka eneo la wazi vinatosha. Wanaolitazama uso kwa uso walipe kamili, mstari wa nyuma walipe sehemu, wa nyuma zaidi walipe kidogo kwa ajili ya mtaro tu, kwa kuwa maji yao pia hupita humo. Viwanja vya biashara vipande daraja, kwani kivuli kinawaletea wateja. Tusitoze kwa uzuri wa nyumba. Aliyepaka rangi na kuweka vigae asiadhibiwe kwa kupendezesha mtaa. Na kiwanja kitupu kilichozungushiwa ukuta, kinachosubiri bei ipande, kilipe sawa na jirani zake, maana hicho ndicho kinachovuna bila kulima.

Na ikusanywe pamoja na kodi ya pango la ardhi, isipitie LUKU. Kodi ya pango la ardhi inamwandikia mwenye hati, kwa namba ya kiwanja na kitalu, na haimkamati mpangaji kwa bahati mbaya ya kununua umeme. Mfumo wa namba za malipo upo tayari. Kinachohitajika ni mstari mmoja zaidi kwenye ankara, na sheria inayosema fedha za mstari huo zitakwenda kwenye akaunti ya mtaa husika.

Nasikia mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba matunzo ya maeneo ya wazi ni kazi ya halmashauri, na kuwatoza wenye viwanja ni kuipa likizo. Jibu langu ni ile kanuni ya kutenga faida. Mtaro wetu unapokea maji ya barabara kubwa. Njia yetu inakatizwa na watoto wa mitaa mingine. Sehemu hiyo ni ya wote, na halmashauri iilipe kutoka mfuko wake, iandikwe kwa tarakimu, isipolipa wenye viwanja nao wawe na haki ya kusimamisha malipo. Shule na ofisi za umma zinazopakana na eneo, ambazo tumezoea kuzisamehe kila kitu, zihesabiwe pia. Hapo tozo haitaipa halmashauri likizo, bali itaiweka kwenye daftari la wadaiwa pamoja na sisi.

La pili linaniuma zaidi. Sinza ina hati, ina viwanja vilivyopimwa. Tandale na Manzese, kwa sehemu kubwa, hazina. Tukiwa na tozo yetu na bustani yetu, wao wabaki na vumbi? Sina jibu lililokamilika, na sipendi kujifanya ninalo. Ninachokiona ni kwamba leo halmashauri ikiwa na fedha kidogo ya kufyeka na kupanda miti, huipeleka mahali penye sauti, yaani kwenye barabara kubwa na mitaa iliyopangika. Mitaa yenye uwezo ikijitegemea kwa faida yake yenyewe, hakuna kisingizio tena cha kuacha kupeleka fedha ya mfuko mkuu kule ambako hakuna hata mti mmoja wa kumkinga mtoto na jua la saa saba. Lakini hilo lisiachwe kwenye nia njema. Liandikwe kwenye sheria hiyo hiyo ya tozo: kiasi kilichookolewa kipelekwe wapi, na madiwani wa kata zisizopimwa wawe na haki ya kukidai.

La tatu ni la wajane na wazee wenye nyumba wasio na kipato. Hili lina dawa. Deni likae kwenye kiwanja, lisikusanywe wakati mzee yuko hai na anaishi humo, lilipwe siku nyumba itakapouzwa au kuhamishwa jina. Wathamini tunajua kwamba siku hiyo thamani iliyojengwa na bustani itatoka pamoja na bei, na deni litakuwa chembe tu ndani yake. Mwalimu wangu wa pensheni hatalala na njaa ili jirani yake apate mandhari.

La nne ni wizi. Kila ninapozungumzia akaunti ya mtaa, mtu hucheka kwa uchungu na kunitajia mchango fulani wa maji au wa ulinzi uliopotea. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu nataka sheria badala ya daftari langu, kwa kuwa leo mtu akitaka kuiba fedha za eneo la wazi hakuna kinachomzuia isipokuwa tabia yake. Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja wao mpangaji. Kila robo mwaka hesabu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa: kilichoingia, kutoka viwanja vingapi, nani hajalipa, kilichotoka na risiti zake. Na tozo iwe na umri. Baada ya miaka mitano ife yenyewe, isipokuwa wenye viwanja waipigie kura tena. Kamati inayojua kwamba itarudi kuomba kura itakumbuka kuzibua mtaro.

Halmashauri zetu zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu 1982. Huenda kuunganisha tozo na ankara ya ardhi kutahitaji Bunge liguse sheria kubwa, na hilo lichukue muda wake. Ila hakuna kinachozuia kuanza na mtaa mmoja au miwili iliyopimwa, wenye viwanja wakikubaliana kwa kura na halmashauri ikiweka sehemu yake mezani. Vyuo vinavyofundisha uthamini na mipango miji, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi, vina vijana wanaotafuta mitaa ya kufanyia mazoezi. Wapewe kazi hii ya kutenga faida ya pekee na faida ya wote, wapime kiwanja kwa kiwanja, chini ya mkono wa mtaalamu aliyesajiliwa.

Wa kwetu nimeuanza mwenyewe. Nimechora ramani ya mtaa, kila kiwanja na namba yake, umbali wake hadi eneo la wazi, na kiasi ninachoona kingekuwa haki kukidai kwa mwaka; changu kimo, na hakikupunguzwa. Mkutano wa wakazi ukiitishwa nitaibandika ukutani, watu wazipinge hesabu zangu mbele yangu. Wenye majengo wasioishi hapa nitawapelekea nakala kupitia wasimamizi wao, nikiambatanisha picha za matangazo yao ya pango.